Kijana Mwenye Sindano

Makala haya yametokana na ugomvi. Si ugomvi wa ngumi, maana sisi wa kikundi chetu hatuna hata nguvu za kubeba gunia la viazi kutoka Magamba, lakini watu waliondoka bila kuagana na chai ikabaki kwenye birika. Afadhali niandike, kwa sababu siku ile nilipayuka sana na sikueleweka.

Tulikuwa watu saba katika kile chumba tunachoazima karibu na soko hapa Lushoto. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Mwenzetu mmoja wa Soni, ambaye ni mwalimu, alikuwa anatusomea uhakiki wake wa Utenzi wa Fumo Liyongo, ule uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Uhakiki wenyewe ulikuwa mzuri, sikatai. Aliuchambua ushujaa, akauchambua wivu wa mfalme wa Pate, akamsifu kijakazi Saada kwa kurasa mbili nzima. Kisha akafika kwa mtoto wa Liyongo. Akasema: "Huyu ni mhusika bapa, anawakilisha tamaa na usaliti." Akafunua ukurasa mwingine.

Nikamwambia ngoja kwanza bwana. Rudi nyuma.

Kwa wale ambao waliusoma utenzi huu shuleni wakausahau baada ya mtihani, nikumbushe kwa ufupi. Liyongo ni jitu. Safari ya siku nne yeye huimaliza kwa siku moja, na akipuliza baragumu linapasuka. Watu wanaoitwa Wagala katika utenzi (wenyewe hujiita Waoromo) wanafika Pate, wanamwona, wanaingiwa na hofu na tamaa pamoja, na wanamwomba mfalme awapatie mbegu ya mtu huyu. Anaozeshwa binti yao. Anazaliwa mtoto wa kiume. Baadaye mfalme, aliyekuwa ndugu yake Liyongo, anaona huyu mtu atamnyang'anya kiti. Anamtega, anamfunga. Mama yake Liyongo anamtuma Saada na mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake. Askari, kama kawaida ya askari, wanakula chakula kizuri na kumwachia mfungwa ule wa wishwa. Inapigwa ngoma ya gungu, na katika kelele za ngoma jamaa anakata minyororo. Yote haya ni matamu, na ndiyo ambayo watoto huyakumbuka.

Lakini mfalme hachoki. Anamwita yule kijana, anamwahidi mali na binti yake, ili aende kumuuliza baba yake kitu gani kinachoweza kumuua. Kijana anauliza. Baba anamjibu: sindano ya shaba, kitovuni. Kijana anapewa sindano, anarudi, anamchoma baba yake akiwa amelala chali. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na mshale uko kwenye uta, na anakufa hivyo hivyo akiwa amepiga goti. Mji mzima unakosa maji kwa kumwogopa maiti.

Basi. Sasa niambie, kijana huyu ni nani?

Kijumwa hampi jina. Mfalme ana jina, Saada ambaye ni mtumwa ana jina, lakini huyu aliyefanya kitendo kikubwa kuliko vyote ni mwana tu, ni kijana tu. Mwalimu wetu akasema hiyo ni fani: mtunzi alimdharau, kwa hiyo akamnyima jina. Inawezekana. Lakini mtunzi mwenye beti zaidi ya mia mbili, ambaye alikuwa pia mchonga mbao na mwandishi wa hati nzuri, mtu aliyezoea kujua wapi patobo na wapi pasitobo, sidhani kama anaacha nafasi wazi katikati ya mlango kwa bahati mbaya.

Wako watunzi wanaoficha kwa makusudi na kutangaza kwamba wameficha. Yule Mwingereza J.R.R. Tolkien alikuwa na mhusika wake Tom Bombadil, mzee wa msituni mwenye kuimba nyimbo, aliyeanza katika shairi la mwaka 1934 kabla hajaingia kwenye riwaya kubwa. Wasomaji wakauliza huyu ni nani, ni mungu, ni mzimu, ni nini? Tolkien akaandika katika barua ya 1954 kwamba ni lazima pawe na mafumbo, na huyu ni mojawapo kwa kukusudia. Vizuri. Lakini fumbo la Bombadil ni la raha. Huwezi kukosa usingizi kwa ajili yake. Fumbo la mtoto wa Liyongo ni la aina nyingine, linafanana na jambo lililotokea nyumbani ambalo watu wazima hawalisemi mbele yako.

Nianze na lile ambalo kila mtu analirukia, yaani tamaa. Ni kweli kijana aliahidiwa mke na mali. Lakini hebu tuangalie amezaliwaje. Wagala hawakusema tunamtaka Liyongo awe shemeji yetu. Walitaka mbegu, kama vile mfugaji wa Mlalo anavyoazima dume la ng'ombe kwa jirani, kwa maneno hayo hayo. Na aliyekubali na kupanga ni mfalme. Kwa hiyo kijana huyu, kabla hajawa mtoto wa mtu, alikuwa ni bidhaa kati ya mfalme na watu wa bara. Mfalme alipomwita mara ya pili, alikuwa anachukua kitu ambacho tangu mwanzo kilipita mikononi mwake. Mimi naona ajabu kwamba wahakiki wanamwita kijana mwenye tamaa na hawasemi kwamba yeye mwenyewe ni zao la tamaa ya watu watatu wazima. Baba yake naye hakukataa kuwa dume.

Sisemi hana hatia. Alishika sindano kwa mkono wake.

Kithaka wa Mberia wa Kenya, alipoiandika upya habari hii katika tamthilia yake ya Kifo Kisimani mwaka 2001, aliona tatizo hili na akalitatua kwa njia ya mwandishi wa tamthilia: alimpa kijana jina. Anaitwa Gege. Shujaa ni Mwelusi, si jitu tena bali ni mwanaharakati. Mfalme ni Mtemi Bokono wa Butangi. Binti anayeahidiwa ni Alida. Tamthilia ile ikasomwa na wanafunzi wengi sana wa sekondari kule Kenya, na inastahili. Lakini kwa upande wa kijana, naona kitu kimepotea. Gege tunamwelewa haraka mno. Ni kijana mjinga aliyedanganywa na wakubwa, na siasa ya tamthilia inamhitaji awe hivyo. Ukishampa jina, mji na marafiki, giza linaondoka, na giza ndilo lililokuwa linaniita. (Jina lenyewe, Gege, mimi Msambaa linanikumbusha kigego, ingawa huenda ni masikio yangu tu.)

Na hapo kwenye kigego nisimame kidogo, kwa kuwa ndipo babu yangu mzaa mama alipoingilia habari hii bila kujua. Nilimsimulia Liyongo jioni moja, tukimenya njegere. Hajawahi kuusikia utenzi, yeye hadithi zake ni za Mbegha. Mnazijua: Abdallah bin Hemedi aliziandika katika Habari za Wakilindi. Mbegha alizaliwa Ngulu akaota meno ya juu kwanza. Huyo ni kigego, na kigego kwa desturi ile hakuachwa aishi, maana ilisemwa atawamaliza ndugu zake. Yeye hakuuawa. Alikua, akanyimwa urithi, akafukuzwa, akaenda Kilindi, na huko mtoto wa mkubwa wa mji akafa akiwa naye mawindoni. Akakimbia tena, akapanda milima yetu hii na mbwa zake akiua nguruwe waharibifu. Akaua simba usiku, na Wasambaa wakamfanya mfalme kule Vuga. Simba Mwene.

Babu alisikiliza habari ya Liyongo mpaka mwisho. Nikategemea atasema yule mtoto alaaniwe. Akasema: "Wafalme wawili kwenye nchi moja. Kisima lazima kifunge."

Sikumwelewa mpaka niliposoma Steven Feierman, yule Mmarekani aliyeandika juu ya Usambara, hasa kitabu chake cha 1990. Anaeleza kwamba wazee wetu walikuwa na maneno ya jambo hili: nguvu kwa nguvu. Mwenye nguvu mmoja akitawala bila mpinzani, mvua inakuja, nchi inapona, kuzifya shi. Wakigombana wawili wenye nguvu sawa, kila mmoja anaharibu kazi ya mwenzake, mvua inazuiwa, njaa inaingia, kubana shi. Nikausoma upya utenzi kwa jicho hilo nikashtuka. Mwisho wake ni nini kama si nchi iliyobanwa? Jitu limepiga goti kisimani na hakuna anayethubutu kuteka. Watu wa pwani husoma pale ushujaa wa Liyongo, kwamba hata akiwa maiti anaogopwa. Sisi wa milimani, ambao tumeona kina mama wakipanga ndoo tangu saa kumi usiku bomba likikauka, tunasoma kiu.

Kwa usomaji wa babu basi, kijana ni mtu aliyesukumwa katikati ya nguvu mbili. Mmoja lazima aondoke ili nchi ipone. Yako pia masimulizi ambamo muuaji si mwana bali ni mpwa, mtoto wa dada, na wanaojua desturi za urithi wa upande wa mama wataona hilo lina maana yake: mpwa ndiye mrithi. Hapo kisa kinageuka kuwa cha kiti. Ni usomaji mzuri, una mantiki. Lakini hautoshi, na mwenzetu wa Soni alipouliza "sasa mbona hakurithi kitu?" sikuwa na jibu. Kweli hakurithi kitu. Mfalme alimruka. Harusi haikuwapo.

Twende sasa kwenye kitovu, kwani siri imekaa pale kwa sababu yake. Wazungu wana Achilles na kisigino chake, Wajerumani wana Siegfried na mahali palipofunikwa na jani mgongoni, na kanisani tunasimuliwa Samsoni na nywele. Kisigino ni mahali mama aliposhika, jani lilianguka kwa bahati tu. Lakini kitovu si mahali pa bahati. Ni kovu la kwanza la kila mtu, mlango ulioziba. Mtu akiulizwa kwao ni wapi, anataja alikozikwa kitovu. Liyongo hafi kwa mkuki wala kwa sumu. Anakufa kwa kufunguliwa tena pale alipotengwa na mama yake. Na tazama ni nani anayemwondoa kisimani. Askari hawawezi, mfalme hawezi. Anaitwa mama yake aje ambembeleze, akidhaniwa yu hai na ana hasira, na mama anakwenda na kumwimbia kama mtoto. Ni mama yule yule aliyeficha tupa kwenye mkate. Chuma kidogo kutoka kwa mama kilimfungua, shaba ndogo kutoka kwa mwana ikamfunga. Sindano na tupa, vyote ni vyombo vya fundi, vyote vinaingia vimefichwa. Mwalimu wetu alimpa Saada kurasa mbili kwa kubeba kimoja, akampa kijana sentensi moja kwa kubeba kingine.

Lakini swali lililonifanya nipayuke siku ile si hilo. Swali ni: kwa nini baba alisema?

Liyongo si mjinga. Amekwepa mitego ya mfalme mmoja baada ya mwingine. Ananusa hila kabla haijaiva. Mtoto wake, ambaye hakai naye, anakuja ghafla na kuuliza, baba, ni kitu gani kikuuacho? Swali gani hilo? Hata mtoto wa chekechea angejua limetumwa. Na utenzi unatuonyesha kwamba baba ametambua. Anamwonya kuwa anadanganywa. Kisha anamwambia. Anamtajia madini, anamtajia chombo, anamtajia mahali. Hakuna anayemlazimisha.

Wenzangu walitoa majibu. Mmoja: upendo wa baba. Mwingine, msichana wetu mshairi kutoka Bumbuli ambaye huwa hasemi sana: "Alichoka." Wa tatu akasema hadithi inahitaji shujaa afe, basi, mtunzi afanyeje? (Hili ni jibu la kivivu na nilimwambia.) La msichana wa Bumbuli nimekaa nalo. Jitu lililotoroka, linaishi porini, halina mji, halina ndugu anayeliamini. Labda alitaka afe kwa mkono wa mtu wake. Lakini bado jibu hilo ni la Liyongo. Linatuambia habari za baba, na mtoto anabaki pale pale amesimama na sindano. Mimi nataka kujua inakuwaje kwa mtoto anapoambiwa. Kwa sababu tangu dakika ile hawezi tena kujifanya. Alikuja na uwongo, akajibiwa ukweli. Angeweza kurudi Pate akasema hakupata kitu. Angeweza kutaja upanga. Lakini sasa baba anajua kwamba mwana anajua, na mwana anajua kwamba baba anajua, na wote wawili wanalala nyumba moja.

Nitaeleza kwa nini naling'ang'ania. Sikulisema siku ile.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba alikuwa na mkulo mmoja juu kwenye mpaka wa shamba, mti mkubwa ambao watu watatu hawakuweza kuukumbatia, alioachiwa na baba yake. Alikuwa haukati na hauuzi. Akaja bwana mmoja wa mbao kutoka bondeni, hakuongea na baba. Aliongea na mimi njiani. Hakuniomba jambo baya. Aliuliza tu baba huenda gulioni siku gani na hurudi saa ngapi, akanipa pesa ya raba za shule. Wiki ile baba alikuwa na mafua na sikuwa na uhakika kama atakwenda. Kwa hiyo nikamuuliza jikoni: "Tate, Jumamosi utakwenda gulio?" Sikuwa nimewahi kumuuliza hivyo hata siku moja. Aliacha kula, akanitazama kitambo. Akasema: "Nitakwenda. Nitarudi jioni." Akaendelea kula.

Jumamosi wakaja na misumeno.

Mtu akiniuliza leo kama niliuza mti wa baba nitamwambia ndiyo. Akiniuliza kama nilijua, nitasema sikujua na nilijua. Akiniuliza kama yeye alijua, basi namsomea Kijumwa. Hakunipiga wala hakutaja. Raba zenyewe zilinibana, nikazivaa mwaka mzima kwa sababu kuziacha kungekuwa ni kukiri. Kwa hiyo ndugu zangu, nikisikia "mhusika bapa" naona tu mtu ambaye hajawahi kuulizia kitu jikoni.

Najua hatari ya hoja hii. Mhakiki akianza kujiona ndani ya kazi, ataona vidonda vyake kila mahali, na mwalimu wetu ana haki ya kuniambia kwamba utenzi haukuandikwa kwa ajili ya mtoto wa Usambara na mti wake. Kwa hiyo nirudi kwenye maandishi. Kijana hakimbilii kitendo: anarudi kwa baba na sindano, anakaa, anangoja. Baba naye anaendelea kulala chali mbele yake. Hakuna ubeti unaofungua kifua cha kijana na kutuonyesha chuki. Na baada ya kitendo, Liyongo akiinuka na upinde, hamwelekei mwanawe. Mshale anao, uta anao, kijana hawezi kuwa amefika mbali. Anakwenda kisimani. Wanaosema utenzi huu ni kisa cha tamaa wanieleze mshale ule ulikuwa umeelekezwa kwa nani.

Mimi nasema umeelekezwa mjini, kwa mfalme na kwa waliokunywa maji ya mfalme wakanyamaza. Hiyo ndiyo sababu wao ndio waliokaa na kiu. Kijana alikuwa ameshasamehewa tangu alipotajiwa sindano, na msamaha wa namna hiyo, unaotangulia kosa, ndio uliomnyima jina.

Mwenzetu wa Soni ameahidi kunijibu katika toleo lijalo. Aje. Ila neno "bapa" aliache Soni, chini ya maporomoko.